Utetezi wa Mchezo Ulioanguka

Wazee wetu walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha darasani mara nyingi, na insha juu yake nimezisahihisha kwa wino mwekundu hata sina idadi. Leo nataka kugombana nayo. Sigombani nayo sokoni, ambako pengine yasema kweli juu ya maembe na samaki. Nagombana nayo katika jumba la michezo, na hasa katika majumba yale ya mji wa New York yaitwayo kwa jina moja Broadway, ambako maana ya methali hii, ingawa husemwa kwa lugha nyingine, hutumiwa kama panga la kukatia vichwa.

Chanzo cha ugomvi ni hiki. Jioni moja mwalimu mwenzangu alinikuta katika chumba cha walimu nikitazama kwenye kompyuta filamu ya mchezo wa nyimbo uitwao Diana, uliotungwa juu ya maisha ya mke wa kwanza wa Mfalme Charles wa Uingereza. Akauliza mchezo huo ulichezwa mara ngapi. Nikamwambia kwamba baada ya kuzinduliwa rasmi Broadway mwezi wa Novemba 2021, ulichezwa mara 33 tu, ukafungwa mwezi uliofuata. Akacheka sana.

"Mwalimu," akasema, "dunia imejaa michezo iliyo hai, nawe wachagua maiti? Chema chajiuza."

Kisha akaketi, akaendelea kusahihisha madaftari yake kwa utulivu wa mtu aliyekwisha shinda kesi. Sikumjibu siku ile. Jibu langu ndilo hili.

Naanza kwa kuwaeleza watu ninaowatetea, maana wengi hawajui kama wapo. Wako watu katika mji wa New York, na wengine mbali na mji huo, ambao hupenda michezo ya nyimbo iliyoanguka kuliko ile iliyosimama. Mchezo ukitangazwa kwamba utafungwa Jumapili, wao hukimbilia tiketi ya Jumamosi. Vijitabu vya michezo wanavyopewa mlangoni huvitunza miaka na miaka, na kadiri mchezo ulivyokufa mapema ndivyo kijitabu chake kinavyozidi kuwa na thamani kwao. Katika mtaa wa 46, upande wa magharibi, iko hoteli ya chakula iitwayo Joe Allen, iliyofunguliwa mwaka 1965, nayo kuta zake zimepambwa kwa mabango ya michezo iliyoanguka. Waigizaji huenda kula pale chini ya mabango hayo, na hapana anayeona ajabu. Mwaka 1991 mwandishi Ken Mandelbaum alitoa kitabu kizima juu ya miaka arubaini ya maanguko ya Broadway, na kitabu hicho kikapendwa na watu hao kama mwana apendavyo hadithi za babu yake.

Watu hawa huonwa wapumbavu. Husemwa kwamba hawana ladha, au kwamba hufurahia misiba ya wenzao. Shutuma hii ya pili nitaijibu baadaye, kwa sababu ina kweli ndani yake. Ile ya kwanza haina.

Yafaa msomaji ajue kwanza namna mchezo unavyoanguka. Majumba ya Broadway ni 41, mengi yake yamesongamana karibu na uwanja wa Times Square. Kwa desturi mchezo huchezwa mara nane kwa wiki. Kila wiki hapana budi walipwe waigizaji, wapiga ala, mafundi wa taa, wavishaji na wafungua milango, na pango la jumba lilipwe, na matangazo yalipwe. Mapato ya mlangoni yakishuka chini ya gharama hizo kwa wiki chache, wenye mtaji huangaliana, na tangazo la kufunga hubandikwa nyuma ya jukwaa. Mchezo uliotungwa kwa miaka mitano hufa kwa siku tano. Watu wa kazi hiyo wenyewe hukiri kwamba michezo mingi zaidi hairudishi fedha zilizotumika kuianzisha. Basi kuanguka kule si aibu ya wachache wasiojua kazi. Ndiyo hali ya kawaida, na kusimama ndiko ajabu.

Sasa nauliza: katika hesabu hii, ni wapi ambapo uzuri wa mchezo ulipimwa? Zilihesabiwa tiketi, na juma zikahesabiwa. Uzuri haukuwa na safu yake katika daftari lile.

Mwaka 1981 mtungaji Stephen Sondheim, pamoja na mwandishi George Furth na mwelekezi Harold Prince, walileta Broadway mchezo uitwao Merrily We Roll Along. Sondheim na Prince walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na zaidi, na sifa zao zilikuwa zimejaa mji. Mchezo ulihusu marafiki watatu ambao urafiki wao umeharibika, lakini ulisimuliwa kinyumenyume: mwanzo twawaona wakubwa, wamechoka na wamekoseana, kisha mwaka baada ya mwaka hadithi yarudi nyuma hata twafika usiku walipokuwa vijana juu ya paa la nyumba, wakiwa na matumaini yote mikononi. Waelekezi waliwapa vijana wabichi kazi ya kuwaigiza watu hao tangu utu uzima. Watazamaji walichanganyikiwa, wasijue nani ni nani; ikabidi waigizaji wavae fulana zilizoandikwa majina ya watu waliowaigiza. Watu wakaanza kutoka kabla pazia halijashuka. Baada ya kuzinduliwa mwezi wa Novemba, ulichezwa mara 16, ukafungwa. Ule urafiki wa kazi kati ya Sondheim na Prince nao ukakatika. Hawakutunga tena mchezo mpya pamoja hata mwaka 2003.

Kama methali ile ni kweli, habari yaishia hapo. Lakini siku moja baada ya mchezo kufungwa, vijana wale waliokuwa wamepoteza kazi usiku uliotangulia waliingia katika chumba cha kurekodi, wakaimba nyimbo zote tangu mwanzo hata mwisho. Sahani ile ya santuri ndiyo iliyofika kwa mashabiki. Waliisikiliza, wakaambiana, wakaucheza mchezo katika vyuo na majumba madogo. Sondheim na Furth wakaurudia wakaurekebisha, wakaongeza wimbo hapa, wakapunguza pale. Mwaka 2023 mchezo ukarudi Broadway, katika jumba la Hudson, akiwamo Daniel Radcliffe, yule ambaye wengi wenu mwamjua kama Harry Potter. Jumba likajaa. Mwaka 2024 ukapata tuzo nne za Tony, mojawapo ikiwa ya mchezo bora uliorudishwa jukwaani. Miaka 42 ilipita kati ya pazia la kwanza na hili la pili. Sondheim hakuiona siku hiyo, kwa sababu alikuwa amefariki mwezi wa Novemba 2021.

Mwenzangu angesema: "Waona? Mwishowe chema kilijiuza." La, hakikujiuza. Kilibebwa. Kilibebwa mikononi na watu wale wale anaowacheka, ambao kwa miaka arubaini walikataa kukubali kwamba hesabu ya mlangoni ndiyo hukumu ya mwisho. Na haukuwa mchezo wa kwanza kubebwa hivyo. Porgy and Bess wa George Gershwin ulichezwa mara 124 mwaka 1935, ukawapa wenye mtaji hasara. Gershwin akafa mwaka 1937 kabla ya kuona mchezo wake ukiimbwa katika majumba makubwa ya opera duniani. Candide wa Leonard Bernstein ulifungwa baada ya mara 73, na leo utangulizi wake wa ala hupigwa na bendi kubwa za nchi nyingi, na wapigaji wengine pengine hawajui hata kama kulikuwa na mchezo nyuma yake.

Methali yaweza pia kupinduliwa upande wa pili. Mwaka 1966 mtayarishaji David Merrick alikuwa na mchezo wa Breakfast at Tiffany's, wenye waigizaji waliovuma katika televisheni, na tiketi za fedha nyingi sana zilikuwa zimekwisha nunuliwa kabla ya kufunguliwa. Baada ya maonyesho manne ya majaribio aliufunga mwenyewe, akawatangazia watu gazetini kwamba hataki kuwachosha. Hicho kilikuwa kibaya, kwa ushahidi wa mwenye mali, na kilikuwa kimejiuza vizuri kabisa.

Nisije nikaonekana nasema kwamba kila mchezo ulioanguka ulikuwa johari iliyotupwa jaani. Hapana. Mwaka 1976 watu fulani waliona vyema kuigeuza Hamlet ya Shakespeare kuwa mchezo wa muziki wa roki. Ophelia hujiua kwa kujinyonga na waya wa kipaza sauti. Ulichezwa mara saba. Siwezi kuutetea, wala sijaribu. Lakini nadai kwamba hata mchezo wa namna hiyo una faida kwa mtazamaji ambayo mchezo uliofaulu hauwezi kumpa.

Mtu wa pwani atanielewa upesi. Jahazi likiwa majini limetweka tanga, huoni ila uzuri wake, hujui lilivyoungwa. Likipanda mwamba likalala ufukoni limepasuka, ndipo waona mataruma, zile mbavu za ndani, waona misumari ilipopita na mahali ambapo kalafati haikushika. Mtoto anayetaka kuwa fundi wa majahazi hujifunza mengi siku hiyo. Ndivyo ilivyo kwa mchezo. Mchezo mzuri huficha mishono yake. Wimbo waingia kana kwamba maneno ya kawaida yamechoka kutembea yakaota mabawa, nawe hujiulizi kwa nini wameanza kuimba. Katika mchezo ulioanguka wajiuliza kila mara. Wauliza kwa nini huyu aimba sasa na si dakika kumi zilizopita, na kwa nini mzaha huu umewekwa mara tu baada ya kifo. Shabiki wa maanguko ni mtazamaji asiyesinzia. Sondheim mwenyewe, alipokuwa kijana wa miaka 17, alitumwatumwa kazi ndogo ndogo katika matayarisho ya Allegro, mchezo wa Rodgers na Hammerstein wa mwaka 1947 ambao haukupata sifa kama ile ya michezo yao mingine. Walikuwa na michezo mikubwa kuliko huo, lakini ni huo uliomwonyesha kazi kutoka ndani.

Sasa nije kwenye ile shutuma yenye kweli. Wako wanaokwenda kutazama mchezo unaokufa kama watu wakimbiliao gari lililopinduka barabarani. Mwaka 2010 mchezo wa Spider-Man ulianza maonyesho ya majaribio. Mwelekezi wake alikuwa Julie Taymor, mwanamke yule yule aliyeleta jukwaani The Lion King mwaka 1997, mchezo ambamo lugha yetu imepewa viti vya mbele: Simba, Rafiki, Pumbaa. Spider-Man uligharimu dola milioni 75. Waigizaji walirushwa juu ya vichwa vya watazamaji kwa nyaya, na baadhi yao wakaumia vibaya. Majaribio yakaendelea hata yakafika 182, na Taymor akaondolewa katika kazi kabla ya uzinduzi wa Juni 2011. Katika miezi ile walikuwako watu walionunua tiketi kwa tumaini la kumwona mtu akianguka. Sina neno la kuwatetea. Huo ni uroho wa fisi anayemfuata mnyama mgonjwa. (Mchezo huo, nasema kwa kupita, ulichezwa mara zaidi ya 1,000 kabla ya kufungwa Januari 2014, na bado haukurudisha mtaji wake. Nani basi atatwambia kama ulisimama au ulianguka?)

Kuna dhihaka nyingine iliyo nyepesi kuliko hiyo, nayo ndiyo iliyonipata mimi. Nilipoutazama Diana mara ya kwanza, niliutazama ili nicheke. Filamu yake ilikuwa imetolewa kabla mchezo wenyewe haujazinduliwa, na mwaka 2022 ilipewa tuzo ya dhihaka itolewayo kwa filamu mbaya kuliko zote. Niliambiwa nicheke, nami nikacheka. Sikatai kwamba sababu zipo. Katika nyimbo nyingine vina vimelazimishwa mahali ambapo maana imekataa, kama afanyavyo kijana wa kidato cha kwanza anapotunga shairi lake la kwanza. Lakini filamu ile ilipigwa mwaka 2020, wakati majumba yote ya Broadway yamefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mara ya pili nilikumbuka jambo hilo, nikaona nilichokosa kuona. Watu wale walikuwa wakiimba mbele ya viti vitupu. Hapana aliyecheka mahali pa kucheka, wala aliyepiga makofi. Na bado walicheza kwa nguvu zote, mguu kwa mguu, mwigizaji wa Diana akibadili mavazi kwa upesi usioaminika, kana kwamba jumba limejaa hadi darini. Walikuwa wakifanya kazi njema ndani ya mchezo dhaifu. Mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja, na asiyeweza kuyatenganisha hajajifunza kutazama. Mwalimu mwenzangu alinikuta katika mara ya tatu.

Shabiki wa kweli huanza na kicheko, kisha hubaki baada ya kicheko kwisha. Watazameni wale waliokwenda kuona Carrie mwaka 1988. Mchezo huo ulitolewa katika riwaya ya Stephen King: msichana anayedhihakiwa shuleni, ambaye mama yake amepotoka kwa ukali wa dini, naye ana uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu ya akili, mwishoni anamwagiwa damu ya nguruwe katika dansi ya shule, akawaangamiza wote. Uligharimu dola zaidi ya milioni saba, ukatoka Stratford, Uingereza, mji wa Shakespeare, ukazinduliwa Broadway tarehe 12 Mei. Baada ya mara tano ukafungwa. Walioshuhudia husimulia kwamba watu walizomea, na watu wale wale wakasimama kwa makofi walipotokea mbele Betty Buckley, aliyeigiza mama, na Linzi Hateley, aliyeigiza binti. Kuzomea na kusimama usiku mmoja! Jina la mchezo huo likawa kipimo cha maanguko yote. Lakini waliouona hawakuacha kuzungumza juu ya zile nyimbo za mama na binti, na mwaka 2012 mchezo ukafanyiwa marekebisho ukachezwa tena katika jumba dogo la New York. Tangu hapo umechezwa hata na wanafunzi wa shule za Marekani. Hadithi ya mtoto anayeonewa na wenzake imewarudia watoto wenyewe.

Utasema kwamba fedha hizo zingalijenga hospitali. Labda. Lakini faida ya michezo iliyofaulu nayo haikujenga hospitali, na kwa hiyo hapana anayeiuliza.

Nimeacha kwa makusudi mchezo mmoja, kwa sababu ni wetu kuliko yote. Tarehe 23 Oktoba 1961 ulizinduliwa Broadway mchezo wa nyimbo uitwao Kwamina, wenye muziki na maneno ya Richard Adler. Habari yake ni ya nchi moja ya Afrika ya Magharibi, isiyotajwa jina, iliyo karibu kupata uhuru. Kwamina ni mwana wa chifu. Amesomea udaktari London, amerudi nyumbani, naye apendana na daktari mwanamke mzungu. Mbele yake wako wazee na mila zao, na nyuma yake iko elimu ya ugeni, na nchi yangoja. Fikirini mwaka ule. Ghana ilikuwa huru tangu 1957. Tanganyika ilikuwa yangoja Desemba, na sisi tulikuwa na miaka miwili mbele yetu. Huko Marekani kwenyewe, katika majimbo mengi, ndoa ya mweusi na mweupe ilikuwa kosa la jinai, na sheria hizo hazikuondolewa kabisa na mahakama kuu yao hata mwaka 1967. Katika mji wa nchi hiyo, jukwaa lilijazwa Waafrika weusi wa Marekani wakiigiza taifa linalozaliwa.

Ulichezwa mara 32. Agnes de Mille alipata tuzo ya Tony kwa ngoma alizozipanga, lakini wakati wa kutolewa tuzo jukwaa lilikuwa limekwisha vunjwa miezi mingi. Sisemi kwamba Afrika ile ilikuwa Afrika yetu. Ilitungwa na watu waliotutazama kutoka mbali, na nyimbo nyingine zanusa umbali huo. Lakini nataka kujua ilivyokuwa. Nataka kujua Mmarekani wa mwaka 1961, aliyelipa tiketi yake, aliambiwa nini juu ya uhuru wetu, na kwa sauti gani. Historia ya waliofaulu haitaniambia. Katika vitabu vingi vya Broadway mchezo huu hupewa mstari mmoja au haupewi kitu. Kilichobaki ni santuri ya kampuni ya Capitol, vijitabu, picha chache, na wale watu wa ajabu walioona kwamba kitu kilichochezwa mara 32 chastahili kuhifadhiwa.

Juma lililopita nilimpigia mwenzangu nyimbo hizo katika chumba cha walimu. Alisikiliza kimya, kalamu mkononi. Alibishana na jambo moja la mila katika maneno ya mzee wa kijiji, tukabishana nusu saa, akasema ule si usemi wa Kiafrika kabisa, kisha akaomba nimrudishie wimbo wa kwanza. Kuhusu Diana hatujapatana.